Elimu ya Misitu na Fedha za Chama

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



 Halmashauri iliniandikia barua, ikanitaka nizungumze juu ya elimu ya kusimamia mali ya misitu kama inavyofundishwa katika Vyuo Vikuu. Sababu ya kuniita haikufichwa. Mfuko wa Elimu wa chama umepokea ombi la binti mmoja wa hapa kwetu Pwani aliyepata nafasi ya kusomea misitu, naye anaomba asaidiwe karo. Baadhi ya wanachama wameliafiki ombi hilo, wengine wameguna. Mzee mmoja, nami namheshimu kwa kusema wazi lililo moyoni mwake, aliuliza: "Je, shilingi tulizochanga kwa jasho ziende kumfundisha mtoto kuchunga miti? Tangu lini mti ukahitaji mchungaji?"

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kuchekwa. Fedha za chama ni amana. Zimetoka kwa mchuuzi wa samaki, kwa kuli wa bandarini, kwa mwalimu na kwa mama auzaye maandazi, na kila mmoja wao ana haki ya kujua shilingi yake inakwenda wapi. Kuamua si kazi yangu. Ni kazi yenu na ya Halmashauri. Kazi yangu ni kueleza, ili mtakapoamua, muamue mkijua. Nimesikia mashaka matatu katika maneno ya wanachama, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

Shaka la kwanza ni kwamba kazi ya misitu ni kazi ya kukamata watu. Wengi wetu tulimjua mtu wa misitu kwa kofia yake na kwa mashtaka yake. Mama akitoka msituni na mzigo wa kuni, yeye ndiye aliyemsimamisha. Kijana akikata fito za kujengea, yeye ndiye aliyempeleka mahakamani. Mambo hayo hayakuanza jana. Idara ya Misitu iliundwa katika nchi hii mwaka 1902, nasi tulikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Misitu iliwekewa mipaka, ikaandikwa kuwa mali ya Serikali, na mwenyeji aliyezoea kuingia kama aingiavyo shambani kwake akatakiwa kuwa na kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini desturi ya mipaka na vibali iliendelea kwa miaka mingi. Basi si ajabu mzazi asipende mwanawe avae kofia ile.

Lakini yafaa tujue ya kuwa sheria yenyewe imebadilika. Bunge lilipitisha Sheria ya Misitu mwaka 2005, ikaanza kutumika mwaka 2007, na kwa sheria hiyo likaundwa Shirika la Misitu lijulikanalo kwa herufi KFS. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria nyingine iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza. Sheria hizi mbili zimesema neno ambalo zamani halikusemwa: watu wanaokaa kando ya msitu wanaweza kuunda chama chao, wakakiandikisha, kisha wakafanya mkataba na Shirika ili washiriki katika kuusimamia msitu huo. Kwa mkataba huo wanaweza kupewa haki ya kuokota kuni, kukata majani ya mifugo, kurina asali, kuchuma dawa, na hata kupokea wageni wanaokuja kutazama msitu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo lilipo neno langu kubwa la leo. Mkataba huo haufungwi kwa maneno ya barazani. Kabla yake huandikwa mpango wa usimamizi, nao ni kitabu chenye ramani na hesabu. Ndani yake huelezwa msitu una miti ya namna gani na mingapi, unakua kwa kiasi gani kila mwaka, ni sehemu ipi yaweza kuvunwa na ipi isiguswe, na mapato yatagawanywaje. Ikiwa hapana mtu wetu hata mmoja awezaye kuisoma ramani hiyo na kuzikagua hesabu hizo, basi mpango utaandikwa na wengine, nasi tutaitwa siku ya mwisho kutia sahihi. Na mwenye kuandika hesabu ndiye mwenye kuamua nini kitakatwa na nani atakikata. Sheria imetupa kiti mezani. Atakayetukalia kiti hicho ni nani, kama watoto wetu hawakusoma? Naomba jambo hili lipimwe kabla ya kusema ya kuwa elimu ya misitu ni elimu ya kumfukuza mama mwenye kuni. Mtoto aliyesoma vizuri ndiye awezaye kuonyesha, kwa tarakimu, ya kwamba kuni za mama huyo haziuharibu msitu. Na ikiwa zinauharibu, ndiye atakayetuambia mapema.

Shaka la pili ni kwamba miti huota yenyewe, na kwamba wazee wetu waliijua misitu pasipo Chuo Kikuu. Nakubali nusu ya maneno hayo, tena nayakubali kwa heshima. Makaya ya Wamijikenda yalitunzwa na wazee kwa miiko, wala si kwa bunduki, na mwaka 2008 Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliyaingiza baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Wakataji wa mikoko wa Lamu nao walikuwa na vipimo vyao kamili: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina na unene wake. Mzee wa namna hiyo akiutazama mti mara moja alikuambia utatoa nini. Na kila mvuvi hapa ajua maji ya bamvua hufika wapi na maji mafu huishia wapi. Hiyo ni elimu, na Chuo Kikuu chenye akili huanzia hapo.

Hata hivyo, yametokea mambo ambayo wazee wetu hawakupata kuyaona. Nitataja matatu.

La kwanza ni la bara. Miti ya saipresi, ambayo wengine huiita miberoshi, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mbao za mashamba ya miti ya Serikali. Mwaka 1990 alionekana Kenya kidukari mgeni, mdudu mdogo wa kufyonza utomvu, ambaye mwaka 1986 alikuwa amekwisha kuonekana Malawi. Matawi yaligeuka rangi ya kutu na miti mingi ikafa ikiwa imesimama. Wataalamu walifanya uchunguzi, wakampata nyigu mdogo ambaye hutaga mayai yake ndani ya mwili wa kidukari yule na kumwua, nao wakamleta Afrika kuwa askari wa miti yetu. Hapana mwiko wala dua ya kaya iliyomjua mdudu huyo, kwa kuwa alikuwa mgeni kwetu sote.

La pili ni la Baringo. Mapema katika miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni ambao watu huuita mathenge, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia udongo usichukuliwe. Mti ulistahimili ukame, ukaenea kuliko ilivyotazamiwa, ukaziba malisho na njia za kwendea majini. Maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani, nao wakampeleka mbuzi aliyeng'oka meno awe ushahidi wao. Tunajifunza nini? Kupanda mti si jambo jema siku zote. Yapasa kwanza kuuliza mti gani, mahali gani, na baada ya miaka 20 utakuwaje. Maswali hayo ndiyo masomo ya mwanafunzi wa misitu.

La tatu ni la hapa kwetu. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilishusha matope mengi katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, yakafunika mizizi ya mikoko. Mizizi ile hutoka juu ya tope kwa sababu ndiyo pua ya mti. Ikizikwa, mti hukosa pumzi na hufa. Sehemu kubwa ya mikoko ya Mwache ilikauka. Ugonjwa ulionekana pwani, lakini chanzo chake kilikuwa mbali, katika mashamba ya juu ambako udongo ulikuwa wazi. Mwenye kusomea misitu hufundishwa kuufuata mto mpaka kwenye chanzo cha taabu.

Huenda mtu akauliza: basi, hasa hufundishwa nini? Masomo ya shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Mwanafunzi hujifunza kuitambua miti kwa majina na kwa tabia zake, udongo na maji, wadudu na magonjwa, ukuzaji wa miche katika kitalu, upimaji wa ardhi, kusoma picha zinazopigwa na setilaiti, sheria, uchumi, na namna ya kushauriana na watu wanaokaa kando ya msitu. Tena si elimu ya darasani peke yake. Mwanafunzi hupelekwa msituni akiwa na utepe wa kupimia, akapima unene wa mti mita 1.3 kutoka ardhini. Akikuta mkoko wenye mizizi ya magongo, hupima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo atapima mizizi akidhani ni shina.

Ndani ya masomo hayo yote kuna kiini kimoja, nacho chafanana sana na kazi ya Mweka Hazina wetu. Tuchukue mfano. Msitu una mbao zilizosimama za mita za ujazo 1,000, na kila mwaka huongezeka mita za ujazo 50. Zile 1,000 ni mtaji. Zile 50 ni faida. Mwenye kukata 50 kwa mwaka anakula faida, na wajukuu wake watakuta mtaji ule ule. Mwenye kukata 80 ameula mtaji mita 30, na mwaka ujao faida itapungua, kwa kuwa mtaji umepungua. Wala ubaya wa jambo hili hauonekani upesi. Kwa miaka kadhaa msitu huonekana bado upo, na mkataji husifiwa kwa bidii yake. Siku ya kugundua, hazina ni tupu. Tofauti moja ni hii: faida ya fedha huandikwa na benki katika kitabu, lakini faida ya msitu haiandikwi na mtu yeyote isipokuwa aliyefundishwa kuipima.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa manufaa ya kipimo hicho. Hapo Gazi, katika Kwale, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Ufuo ulibaki wazi. Tangu mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, akiwamo Dkt. James Kairo, walishirikiana na wanakijiji kupanda mikoko upya, wakijifunza ni aina ipi ishikayo mahali pa maji mengi na ipi mahali pa maji machache. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi uitwao Mikoko Pamoja, katika hekta 117 za mikoko, kwa muda wa miaka 20.

Mradi huo huuza kitu kisichoonekana kwa macho. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa, ile ambayo ikizidi angani huongeza joto duniani, na huigeuza kuwa mwili wake. Mikoko hufanya zaidi, kwani huifungia nyingine ndani ya tope. Walio ng'ambo wanaotaka kulipia moshi wao hutoa fedha ili mikoko isimame. Lakini hawalipi kwa kuambiwa. Hulipa kwa tani, na tani hupatikana kwa kupima: vipande vya msitu hutengwa, kila shina hupimwa, unene hugeuzwa kwa hesabu kuwa uzito, na kila tani moja ya ukaa iliyo ndani ya mti ni sawa na tani 3.67 za hewa ile. Kwa njia hiyo Gazi iliweza kuuza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zake zikaingia katika maji ya kijiji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Basi nauliza: mikoko ilikuwapo Gazi tangu enzi za mababu, ni nini kilichoongezeka hata ikaleta maji bombani? Kilichoongezeka ni watu waliojua kupima, na wanakijiji waliokubali kulinda.

Shaka la tatu ni kazi. Mzazi huuliza: akimaliza ataajiriwa na nani? Hapa sitawadanganya. KFS haiwezi kumwajiri kila anayehitimu, na wako vijana wenye shahada wanaongoja. Tena biashara ya mbao ina misukosuko yake. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo halikutangazwa kuondolewa mpaka mwaka 2023. Viwanda vingi vya mbao viliumia katika muda huo. Mwenye kuahidi ya kwamba shahada hii ni mshahara wa hakika hasemi kweli.

Lakini milango si mmoja. Iko Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, iliyoundwa mwaka 1986. Ziko serikali za kaunti, ambazo Katiba ya mwaka 2010 imezipa sehemu ya kazi ya misitu. Viko viwanda vya chai ambavyo hukausha majani kwa kuni na hivyo hupanda mashamba yao ya mikaratusi. Wako wauzaji wa nguzo na wa miche, na iko miradi kama ile ya Gazi. Na kazi yenyewe haijapungua. Katiba hiyo hiyo imeiagiza Serikali ihakikishe ya kwamba angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi ina miti. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilionyesha asilimia 12.13 ikiwa miti yote itahesabiwa, lakini asilimia 8.83 tu ikiwa itahesabiwa misitu peke yake. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kupanda ni kazi ya siku moja; kujua mingapi imeishi na kwa nini mingine imekufa ni kazi ya wenye elimu.

Tusidharau pia asili ya elimu hii katika nchi yetu. Chuo cha Londiani kimefundisha watu wa misitu tangu mwaka 1957, nacho hutoa cheti na stashahada. Shahada ilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, wanafunzi wake wa kwanza kabisa walikuwa 83, nao walikuwa wanafunzi wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Elimu hiyo baadaye iliendelea Chepkoilel, ambako tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Na Karatina pia hufundishwa. Kwa hiyo Chuo Kikuu kizima kilianza na watu wa miti.

Wapo waliosema ya kwamba msitu si mahali pa binti. Nawakumbusha ya kuwa aingiaye msituni kila siku kutafuta kuni na maji ni mwanamke. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, alianzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kama mwanamke afaa kubeba mzigo wa msitu kichwani, afaa pia kuubeba katika akili.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa mashauri machache.

Kwanza, maombi ya kusomea misitu yapimwe kwa mizani ile ile ipimayo maombi ya udaktari, ualimu na uhandisi. Asipewe mtu kwa huruma, wala asinyimwe kwa sababu ya jina la somo.

Pili, wazazi wasimsukume mtoto katika misitu kwa kuwa alama zake zimemnyima alichokitaka. Mtoto afaaye ni yule apendaye biolojia na jiografia, asiyeikimbia hesabu wala kemia, na asiyeogopa kutembea mvuani.

Tatu, msaada usikomee kwenye karo. Mwanafunzi wa misitu hutumwa mbali kwa mafunzo ya kazi, naye huhitaji nauli, mabuti na chakula. Wengi hukwama hapo, si katika mitihani.

Nne, atakayesaidiwa aombwe, bila kufungwa kamba, arudi wakati wa likizo akae na vyama vya misitu vya vijiji vyetu, ahesabu miti pamoja nao na kuwasomea mpango wao kwa Kiswahili, neno kwa neno. Na wazee nao wamfundishe yale ambayo Chuo hakina: majina ya miti, dawa zake na miiko yake. Akipata yote mawili atakuwa ametimia.

Mti wa mbao hukaa miaka 30 kabla ya kukatwa, na apandaye mara nyingi siye avunaye. Chama kama hiki kimezoea jambo hilo, maana wengi walioweka shilingi ya kwanza katika Mfuko wa Elimu hawakuwa na mtoto wa kusomesha.